Eproni Iliyokataa Kuchanika

Nyinyi mnaoegesha pikipiki kwenye steji ya Kaplong mmeshanizoea. Mawingu yakianza kukusanyika mchana, mnaniona nakuja polepole kwa sababu ya goti langu, napita kutoka pikipiki moja hadi nyingine, nashika pindo la koti la mvua na kulivuta kwa nguvu. Mnacheka. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, na ukilichana, nitaenda Ndanai nimevaa nini?" Nikamjibu kwamba likichanika nitafurahi. Mkadhani ni maneno ya mtu aliyekosa kazi. Leo nataka niwaeleze maana yake kwa utaratibu.

Kuna jambo nililomficha rafiki yangu Kipkoech kwa miaka kumi na moja. Mnamjua. Ni yule fundi wa nguo mwenye kibanda nyuma ya soko, anayekanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Mnajua kwamba mguu wa kushoto aliupoteza barabarani. Hamjui kwamba siku hiyo alikuwa amevaa nguo niliyoishona mimi, wala kwamba kabla ya siku hiyo mtu alikuwa amenionya na mimi nikapuuza. Kila nilipoketi naye nilijiambia kwamba nikimweleza habari ya onyo hilo, urafiki wetu utakwisha. Mwaka huu nilimweleza. Nitafika hapo. Kwanza lazima tuzungumze juu ya mvua.

Mvua ya huku haina siri. Asubuhi kuna jua, majani ya chai yanang'aa, na mgeni anaacha koti nyumbani. Saa nane au saa tisa inashuka, na mara nyingine inashuka na mawe. Kosa la kwanza la dereva mpya ni kungoja imguse ndipo asimame kuvaa. Ukivaa ukiwa tayari umelowa, unayafungia maji ndani, na baridi yake ni mbaya kuliko ya yule asiyevaa kitu. Vaa mara tu upepo unapokuwa baridi shingoni. Isiponyesha, umepoteza dakika tatu. Ikiwa ni mawe, simama penye paa, kwa maana koti la kuzuia mawe bado halijashonwa.

Niliendesha pikipiki miaka ishirini na miwili kati ya Kaplong, Ndanai na Sotik. Shule niliiacha nikiwa darasa la nane, na mengine yote nimejifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuandika katika daftari kila nililoliona. Niliandika tairi limekwenda siku ngapi, breki imeshika baada ya hatua ngapi barabara ikiwa kavu na ngapi ikiwa na maji. Kwa ajili ya daftari hilo wenzangu waliniita Injinia. Mwanzoni walinitania. Baadaye jina likawa la heshima, na hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Langat. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na alipostaafu akanunua pikipiki badala ya ng'ombe, jambo ambalo mkewe hakulielewa kabisa. Alisema machache. Siku yangu ya kwanza kwenye mvua nilichomeka suruali ya mvua ndani ya gambuti, kama tufanyavyo shambani. Aliniona, akaniacha niende Ndanai na kurudi. Niliporudi aliniambia nivue gambuti moja niimimine. Maji yalitoka kama ya birika.

"Umebeba abiria wawili," akasema, "na hao wa kwenye gambuti hawajalipa."

Tangu siku hiyo suruali yangu ilikaa nje ya gambuti, imefungwa chini kwa kipande cha tyubu ili isipepee. Mikono pia ina njia yake. Glavu za sufi ndani, glavu za mpira za kuoshea vyombo juu yake, na mkono wa koti ufunike glavu. Ukifanya kinyume, maji yanateremka kwenye mkono wa koti na kuingia katika vidole. Helmeti ikikuingizia ukungu kwenye kioo, paka sabuni ya mche kavu kwa ndani kisha ufute kwa kitambaa laini. Hayo yote ni ya Mzee Langat.

Kuna mtindo wetu wa steji ambao sijauona kwenye kitabu chochote, wa kuvaa jaketi kinyume, mgongo ukawa mbele na zipu ikawa nyuma. Siku kavu yenye upepo haudhuru, kwani kifua kinapata joto. Kwenye mvua uache. Kola inageuka kuwa faneli ya kuingiza maji shingoni, na jambo lililo kubwa zaidi, huwezi kujivua mwenyewe. Niliwahi kukwama hivyo Sotik, zipu imeshika nyuma, nazunguka kama kuku aliyefungwa. Mama mmoja wa ndizi ndiye aliyenifungua. Aliniuliza, "Baba, leo asubuhi ni nani alikuvalisha?" Nilicheka naye. Katika daftari sikuandika lililokuwa la maana, kwamba nguo usiyoweza kuivua mwenyewe haraka ni adui yako. Niliandika tu kwamba maji yaliingia.

Hilo ndilo lililokuwa kasoro yangu, nami naliona sasa. Nilikuwa mtu wa maji. Nilipima maji tu.

Kipimo changu kilikuwa kizuri, na bado nawashauri mkitumie. Kabla hujaamini koti au suti ya mvua, ivae juu ya nguo zako, na kati yake upange kurasa za gazeti kuukuu: kifuani, mabegani, juu ya mapaja, na mahali unapokalia. Kaa juu ya pikipiki iliyosimama, mikono kwenye usukani. Mtu akumwagilie kwa kopo la kumwagilia miche kwa dakika kumi, kutoka mbele, si kutoka juu, kwa sababu ukiwa safarini mvua haikuangukii, unaifuata. Kisha vua utazame gazeti. Utakuta maji yameingia katikati ya miguu, pale mishono minne inapokutana, na maji yanapofanya kidimbwi ukiwa umekaa. Muuzaji atakuonyesha kitambaa. Wewe tazama mishono. Chukua suti ya vipande viwili yenye utepe uliobandikwa ndani ya kila mshono, na namba moja kubwa kuliko yako, ili usibanwe ukikunja magoti. Usichukue nyeusi. Ukungu ukishuka kwenye chai, dereva wa lori hamwoni mtu aliyevaa nyeusi juu ya pikipiki nyeusi hadi amfikie. Na usikaushe koti juu ya jiko. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa pili, na lilishikana kama chapati mbili zilizotiwa mafuta kidogo.

Sasa niwaambie habari ya eproni.

Mama yangu aliletwa na baba kutoka kando ya ziwa kuja kuchuma chai kwenye shamba kubwa la Kericho, nami nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Nyuma ya mlango wetu ilining'inia eproni yake ya kazi, ya plastiki nzito ya manjano yenye nyuzi ndani, inayofungwa kiunoni kwa kamba. Wachumaji huivaa kwa sababu umande huwalowesha hadi mapajani na kwa sababu vijiti vya michai huchana nguo nyingine yoyote. Ile ya mama aliivaa misimu mingi bila kutoboka. Alipoacha kazi alinipa, akaniambia nitaipatia matumizi.

Niliyapata. Abiria wetu siku zote walilalamika juu ya miguu. Dereva ana suti, lakini mama anayetoka sokoni na rinda lake anafika nyumbani akiwa amelowa kuanzia magotini. Nilinunua eproni nyingine kuukuu kutoka kwa mchumaji, nikaikata, nikaiunga na ile ya mama. Ikawa na sehemu ya mbele inayofunika miguu ya dereva, na mabawa mawili marefu yanayorudi nyuma, kushoto na kulia, kufunika miguu ya abiria. Mishono niliishona kwa uzi wa nailoni unaotumiwa kushonea magunia, mistari mitatu. Kamba ilizunguka kiuno cha dereva mara mbili. Nilifanya kipimo cha gazeti mara tatu. Gazeti lilitoka kavu kiasi cha kuweza kulisoma.

Abiria walianza kuniulizia kwa jina. Katika muda wa miezi miwili nilishona nyingine tano kwa wenzangu, na ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ya Kipkoech. Tulianza kazi wiki moja, tukajifunza pamoja, watoto wetu walicheza pamoja. Ndiye aliyenishikia kopo la maji nilipokuwa nikipima.

Mzee Langat hakutaka ya kwake. Alikuja kwangu alasiri moja, akashika bawa la eproni kwa mikono miwili, akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikufanya kitu.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Haichaniki?"

Nilimwambia haichaniki, mzee, mama aliivaa miaka mingi kwenye michai.

"Kule kiwandani hatukuruhusiwa kusimama karibu na mashine na nguo kama hii. Koti letu la kazi lilikuwa na kamba dhaifu, na tulipewa hivyo kwa makusudi. Sasa niambie. Cheni ikishika hii, ni nini itachanika kwanza? Ni nguo, ama ni mtu?"

Nilimjibu kwamba cheni haitaishika, kwa sababu nimeifunga vizuri. Wakati huo wengi wetu tulikuwa tumeng'oa vifuniko vya cheni, maana tope jekundu la Ndanai linajaa ndani yake na kusimamisha gurudumu. Yeye alilijua hilo na mimi nililijua. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa," akaenda zake. Alikuwa mtu wa kuuliza mara moja. Na mimi, ambaye niliandika hata rangi ya moshi wa pikipiki yangu, sikuliandika swali lake.

Ilikuwa kama wiki tatu baadaye. Kipkoech alikuwa amembeba Mama Chebet, muuza mboga, wakitoka sokoni kwenda upande wa Ndanai. Mimi nilikuwa nyuma yao na abiria wangu, umbali wa kama mita mia mbili. Mvua ilikuwa kubwa na upepo ulitupiga kutoka kulia. Kwenye mteremko wa kuelekea darajani niliona bawa la kushoto la eproni yake likiinuka, likapigapiga, kisha likatoweka. Halikuruka. Liliingia chini. Niliona Kipkoech anavutwa nyuma na chini, kama mtu aliyeshikwa kiunoni na mkono mkubwa, na pikipiki ikalala upande wa kushoto huku gurudumu likiendelea kuzunguka.

Mama Chebet alirushwa kwenye nyasi, akachubuka uso na kiwiko. Nilipofika alikuwa tayari amepiga magoti kando ya Kipkoech, anavuta eproni kwa mikono miwili. Ilikuwa imejikunja kwenye cheni na meno ya gia, imemvuta hadi mguu wake ukaingia kwenye spoki. Kamba za kiunoni zilikuwa zimekaza hata kidole hakikuweza kupita. Mkulima mmoja alitoka mbio na panga kwenye shamba lake la nepia, majani ya ng'ombe. Ilibidi apige mara sita au saba ndipo plastiki ile ikakubali. Kipkoech hakulia. Aliniambia tu, kwa sauti ya kawaida, "Injinia, zima injini." Nikaizima. Ni jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza.

Pikapu ya maziwa ilimpeleka hospitali ya misheni pale Kaplong. Madaktari walijitahidi siku nne kuuokoa mguu, kisha wakaukata chini ya goti.

Mama Chebet alinikuta nje ya wodi siku ya pili, uso umefungwa bandeji. "Mimi nilivuta hiyo kitu na mikono mbili," aliniambia. "Ilikataa kuchanika. Hiyo ni nguo gani, haichaniki?" Hakujua kwamba mimi ndiye niliyeishona. Sikumwambia.

Wiki hiyo eproni zote zilizobaki ziliachwa nyumbani. Hakuna mtu aliyenilaumu. Walisema ni ajali, ni tope, ni upepo. Mzee Langat alikuja hospitalini, akamshika Kipkoech mkono, akanishika na mimi, na swali lake hakulirudia siku ile wala siku nyingine. Alifariki miaka sita iliyopita. Nilibeba jeneza lake pamoja na wengine, nikidhani kwamba sasa swali lile limebaki kwangu peke yangu.

Kipkoech alijifunza cherehani kwa shemeji yake. Alipofungua kibanda, kazi ya kwanza aliyotaka kufanya ilikuwa suti za mvua za waendesha pikipiki. Nilishangaa, lakini sikumuuliza. Jumamosi mchana nilikaa naye, tukafungua makoti ya kila aina na kuyashona upya. Yeye ndiye aliyeanzisha mshono wa kuachia. Kwenye pindo na kwenye ubavu, mahali panapoweza kufikia gurudumu, hatumii nailoni. Anatumia uzi wa pamba, mstari mmoja, hatua ndefu, kisha juu yake anabandika utepe mwembamba wa kuzuia maji. Mbele hakuna kamba, kuna vifungo vya kubonyeza, vinavyofunguka ukivuta. Mvua haipiti. Lakini ukilishika pindo ukalivuta kwa nguvu, kipande kinatoka na kubaki mkononi mwako, na mwenye koti anaendelea kukaa juu ya pikipiki. Nguo ya pikipiki lazima iwe na mahali ilipopangiwa kushindwa. Hilo mkilisahau, mengine niliyowaeleza hayana faida.

Miaka kumi na moja nilikaa katika kibanda hicho, nikamshikia mkasi na chaki, na nikanyamaza. Nilimsaidia karo ya mtoto, nilimpeleka kliniki kubadilisha mguu wa bandia, na kila wema ulinifanya mwongo zaidi, kwa sababu aliuita urafiki.

Mwezi wa nne mwaka huu goti langu lilikataa kabisa, nikamwachia mpwa wangu pikipiki. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kibandani kwa miguu. Mvua ilikuwa imeanza. Kipkoech alikuwa akimalizia koti la mmoja wenu. Niliketi kwenye kiti cha wateja, nikamwambia nina neno, na nikalisema lote bila kupamba: kwamba Mzee Langat alikuja, kwamba alivuta lile bawa, kwamba aliniuliza ni nini kitachanika kwanza, na kwamba nilimjibu kama mtu anayefukuza inzi. Nilimwambia kwamba laiti ningelitaja swali lile hapo steji, hata kwa mzaha, labda angekuwa na miguu miwili.

Aliendelea kukanyaga mashine hadi akafika mwisho wa mstari. Kisha akainua sindano.

"Na mimi aliniuliza," akasema.

Sikuelewa.

"Mzee Langat. Asubuhi ya siku ile ile ya ajali, nikiwa naosha pikipiki. Alivuta hiyo eproni vile alivuta yako, akaniuliza maneno hayo hayo."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia Injinia ameshapima."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilifikiria daftari langu la mwaka ule. Najua kurasa zake. Kuna kurasa tatu za eproni, na zote ni za gazeti lililobaki kavu.

Kipkoech alikata uzi kwa meno, akalitoa koti kwenye mashine, akalikung'uta. Alinisukumia pindo lake juu ya meza.

"Shika hapa," akasema. "Vuta."

Nilishika, nikavuta polepole. Akatikisa kichwa.

"Vuta kama cheni, Injinia."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Likachanika.